Usimmalizie Neno

Kaka yangu,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima; paa halivuji tena, na binti yako ameshanifika begani.

Jumamosi nilimpeleka kwenye duka la vitabu la yule mwalimu mstaafu. Chumba cha nyuma ni cha watoto: rafu fupi, mkeka sakafuni, na mtu mzima haruhusiwi kuchagua. Binti yako akachukua kitabu cha simba, cha watoto wa chekechea. Nikanyoosha mkono nikirudishe. Mwenye duka akanitolea macho: "Mama, kwani msomaji ni wewe?" Nikaurudisha mkono.

Binti yako akaketi mkekani katikati ya watoto wadogo, akaanza kuwasomea kwa sauti. Ndiyo, kwa kigugumizi kile kile. Alipokwama, wakamkodolea macho wakisubiri, wakidhani simba anavuta pumzi angurume. Hakuna aliyemmalizia neno, kama mimi na wewe tunavyomfanyia kila siku. Akalitoa mwenyewe. Wakapiga kelele: "Tena! Tena!"

Sasa, hilo lako la kumtoa shule aje huko kwako kumlea mtoto wa mkeo mpya, eti shule haina faida kwa asiyeweza kusema: simrudishi, kaka. Nuna, susa, itisha kikao cha ukoo mzima. Nitakuja, na nitasema hivi hivi.

Ukimtaka, njoo Jumamosi. Vua viatu, kaa mkekani na wenzako wa miaka minne, akusomee. Akikwama, funga mdomo usubiri.

Ni mimi dada yako, mbishi yule yule.