Mstari Niliouruka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mahali pako pa siku zote, pale mlangoni penye mwanga, miwani imeteremka puani na mguu umeuinua juu ya kigoda kama nilivyokuagiza. Kama hukuuinua, uinue sasa hivi ndipo uendelee kusoma. Kidonda kinaendeleaje? Usingizi unapata? Mama mdogo hajambo na mgongo wake? Mwambie salamu zake nimezipata, na malalamiko yake pia, na yote nimeyapokea kwa mikono miwili. Na yule paka wako mwizi, mmeshapatana? Nakusalimu sana, mama, na nimekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na hali juzi tu tumeongea kwenye simu. Sababu ipo na nitaifikia. Vuta subira kidogo, maana mimi mwenyewe naiendea polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi.

Hapa hospitali tumepata matroni mpya. Ni mwanamke mfupi, sauti yake ya chini, na anatembea taratibu, jambo ambalo kwetu ni kioja, maana sisi tumezoea kwenda mbio hata kama hatuendi popote. Alipofika alizunguka wodi zote kimya, anatazama tu. Kisha akaleta viti. Kiti kimoja kando ya kila kitanda, na akatangaza kwamba si cha mgeni, ni cha muuguzi. Kuanzia siku ile ikawa marufuku kumuuliza mgonjwa hali yake umesimama, mguu mmoja umeshaelekea kitanda cha pili. Kaa kwanza. Muulize amelalaje, watoto amemwachia nani, anaogopa nini, ndipo ugeukie kidonda. Hatukulaza damu, siku hiyo hiyo tukampa jina la Mama Viti.

Baadaye alisafisha stoo iliyojaa vitanda vibovu, akaweka mikeka, birika na pazia, akasema hicho ni chumba cha wauguzi kupumzikia. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na aliyecheka kuliko wote ni mimi. Nilisema mgonjwa hakuja hapa kupiga soga, na mimi sikuajiriwa kulala. Unamjua mwanao, mdomo haukai. Mama Viti alinisikia. Akanijibu bila hasira kwamba mgonjwa mwenye hofu anachelewa kupona, na muuguzi aliyechoka hamwoni mgonjwa, anaona kitanda. Nikabinua mdomo nikaenda zangu.

Sasa katika wodi yetu ya wanawake alikuwapo bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Tulimwita Mwalimu na jina jingine hakulitaka. Alilazwa kwa ajili ya kifua, na kengele yake haikupumzika. Mara maji, mara mto, mara dirisha. Nilikuwa nikiisikia kengele ile nasaga meno. Viti vilipokuja nikalazimika kukaa naye, na siku ya kwanza tu niliyokaa vizuri akanieleza kwamba hahitaji maji wala mto. Anaogopa kusinzia, kwa sababu mume wake alilala akiwa mzima na asubuhi hakuamka. Hakuwa amemwambia mtu. Basi tukamsogeza karibu na meza yetu, nikawa namwambia kila akifumba macho kwamba nipo, nakuona. Akaanza kulala, akaanza kula, na kengele ikanyamaza. Nilikiri moyoni kwamba Mama Viti ana lake, lakini kwa mdomo sikusema.

Tangu hapo kila asubuhi Mwalimu alinisubiri nimalize kumuuliza, kisha naye aniulize. Na wewe sista, umelalaje? Nilimjibu salama, nikaendelea na kazi. Alikuwa akinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesema daftari amelisahau nyumbani.

Halafu Mama Viti akaja na kali ya mwaka. Kila muuguzi, kwa zamu, avae gauni la wagonjwa na alale kitandani saa nzima, mchana, humo humo wodini, asiseme kitu, aone anachokiona mgonjwa. Wenzangu waliona mchezo. Mimi nilinuna. Nilijaribu kula kona kwa kubadilishana zamu, lakini alinifuata mpaka kwenye kabati la dawa, gauni mkononi limepigwa pasi, akaningoja.

Nikalala kitanda cha karibu na Mwalimu, kilikuwa kitupu. Mama, ukilala chali unaona mengine. Taa inakuchoma machoni na hakuna aliyewahi kufikiria kuizima. Jagi la maji limewekwa upande ambao mkono wenye dripu haufiki. Toroli la dawa lina gurudumu linalolia, nimelisukuma miaka sijalisikia. Na sisi wauguzi, tunaoringa na sare zetu nyeupe, kutoka kule chini tunaonekana matundu ya pua tu. Nilikuwa nikiyapanga haya kichwani ili nikamwambie Mama Viti, tena kwa hasira kwamba ana haki, na hapo hapo usingizi ukanichukua.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mwalimu alipoona nimelala aliweka kidole mdomoni, na wodi nzima ikatii kama darasa la kwanza. Mfagizi akageuza ufagio akaenda kufagia kwingine. Toroli likanyanyuliwa kwa mikono, wenzangu wawili huku na huku, mpaka likapita kitanda changu. Mama mmoja mwenye kikohozi kibaya alikuwa akikoholea kwenye mto. Saa yangu ikaisha, hakuna aliyeniamsha. Watu wenye homa zao na vidonda vyao walijibana ili mimi nilale. Kila nikikumbuka, machozi yananilenga.

Kisha akaingia daktari wa raundi, kijana mgeni, siku yake ya kwanza kwetu. Akamkuta mwanamke kitandani, gauni la wagonjwa, miguu imetokeza kwenye shuka imevimba, na faili hana. Akauliza huyu ni nani. Aliyekuwa karibu ni Mwalimu, na angeweza kusema ukweli kwamba ni sista amepitiwa na usingizi. Hakusema hivyo.

"Huyo ni mgonjwa, daktari," alisema. "Mpime."

Nilizinduka mkanda wa mashine ya presha umenibana mkono. Nikamwambia daktari amekosea, mimi ni muuguzi wa wodi hii. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole ule ule tunaowaitikia wagonjwa waliochanganyikiwa, akaniuliza leo ni siku gani. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka usingizini, nikaikosea siku. Akaandika. Nikamwambia funguo za kabati la dawa ninazo mimi. Akaandika na hilo. Nilitamani ardhi ipasuke, na kitanda cha pili Mwalimu alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani, shuka inatikisika kwa kicheko.

Mama Viti alipofika akamweleza, na kijana wa watu akaona haya, akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Lakini mashine yake hakuifunga. Alipima mkono wa pili, akangoja, akarudia wa kwanza. Kicheko cha Mwalimu kikaisha. Mama Viti akavuta kile kiti akakaa, na alipokaa tu nikajua kuna jambo.

Sasa, mama, naomba urudi mwanzo wa barua usome tena salamu zangu. Barua zangu zote tangu nikiwa chuoni zina mstari mmoja usiokosekana, kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yako tu. Safari hii nimeuruka. Sikusahau. Nilishika kalamu mkono ukakataa. Kwenye simu ningeusema bila kufikiri, ulimi umeuzoea. Ndiyo sababu nimekuandikia.

Mimi si mzima, mama. Nina presha, tena ya juu, na si ya jana wala juzi. Walinilaza kitanda kile kile, safari hii kwa faili, wakanifanyia vipimo, wakaona moyo umeanza kutanuka kwa kazi nzito ya kusukuma. Kichwa kilikuwa kinanigonga kila asubuhi, nami nikimeza vidonge vya maumivu na kujikaza kisabuni. Mara ya mwisho nilipokuja huko, ile jioni niliyomaliza kukufunga bendeji nikatoka nje nikasema natafuta mtandao wa simu, sikuwa natafuta mtandao. Nilikuwa nimeshika ukuta nangoja dunia iache kuzunguka. Kisha nikarudi ndani nikampima mama mdogo, nikampima jirani yako, na jirani nikamkaripia kwa kuacha dawa zake. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi nilipita kiasi.

Najua unamfikiria nani sasa hivi. Nami ninamfikiria. Baba ukimuuliza kichwa alisema ni jua, ukimuuliza miguu alisema ni viatu. Asubuhi ile alituambia yu mzima, jioni tukaletewa kofia yake. Siku ya msiba ulisema mbele ya watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na neno hilo hukulirudia tena. Mimi nililisikia. Nilisomea uuguzi kwa ajili ya neno hilo, halafu nikafanya yale yale aliyoyafanya baba.

Niliogopa kukwambia. Wewe umeshazika mmoja. Na nilijiuliza, mimi nikilala, mguu wako nani atauangalia? Nilimweleza Mwalimu hivyo tukiwa tumelala kitanda kwa kitanda, wagonjwa wote wawili. Akanyoosha mkono akanishika.

"Mama wa muuguzi naye ni mama," akasema. "Mwambie. Usimnyang'anye kazi yake."

Mwalimu ameruhusiwa, ametoka kwa miguu yake. Kabla hajaondoka aliniuliza tena nimelalaje. Safari hii nilikaa kwenye kiti nikamjibu mpaka mwisho, na alinisikiliza mpaka mwisho, teksi inamngoja nje. Naandika haya nikiwa kwenye mkeka, ndani ya chumba kile kile nilichokicheka. Wenzangu wananipitia na chai. Hakuna anayenicheka, ingawa wana kila haki.

Daktari anasema nikifuata masharti nitaishi na presha hii mpaka nizeeke. Dawa ni za kila siku, na mapumziko ni mwezi mzima. Chumvi amenikataza, na hapo nilimsikitikia kijana yule, maana hajui mkono wako. Itabidi wewe na chumvi yako mtengane kidogo. Mama Viti naye ametia sahihi likizo yangu kwa sharti kwamba niende mahali ambapo hakuna atakayeniita sista.

Basi nakuja nyumbani, mama, Jumamosi. Tafadhali usitangaze. Unajua nikifika, kabla sijavua viatu mama mdogo ameshakunja mkono wa nguo nimpime, na nyuma yake foleni imefika uani. Mashine nitakuja nayo, lakini safari hii mkono utakaofungwa mkanda ni wangu, na mpimaji ni wewe. Nitakufundisha. Mguu wako pia nitauangalia, ila nikiwa nimekaa, polepole, na utaniambia kweli kama unauma. Maana nimekumbuka kwamba nawe kila ukiniandikia unasema u mzima, hofu ni juu yangu tu. Mstari ule nilijifunza kwako. Sasa nina mashaka nao.

Miaka yote nimekuwa nikija kukuuguza. Safari hii nakuja uniuguze. Nitandikie kile kitanda changu cha zamani, au kama hutajali, nipishe nafasi kwako, kama nilipokuwa mtoto nina homa. Nataka mtu akae kando yangu asubuhi aniulize nimelalaje, na nataka mtu huyo awe wewe.

Nisalimie mama mdogo, lakini mwambie nikiwa nimeshalala. Majirani vivyo hivyo. Paka msalimie bila masharti. Na usilie sana, mama. Ukilia, lia ukiwa umeinua mguu.

Ni mimi mwanao,
ambaye si mzima, ila anakuja.