Tarehe Imebadilishwa kwa Jina Langu, Nami Nilikuwa Soga

Bi Sada mpendwa, shikamoo. Naomba unishauri kabla ya Ijumaa, maana mimi ni mtu mwenye furaha zangu, kazi naipenda, wenzangu nawapenda, sitaki kuharibu kimojawapo. Nauza vifaranga kwenye kampuni moja hapa Kibaha, jirani na Kwa Mathias, na oda zote tunaziweka kwenye mfumo wa kompyuta, na kwetu anayefika wa kwanza anaingia kwa nywila yake na sote tunaitumia hiyo hiyo hadi jioni, kwa sababu ukifunga ukurasa wako mwenzako anaona humwamini, na wa kwanza kila siku ni mimi. Sasa Mzee Mwinyijuma wa Kisarawe kaja kuchukua vifaranga wake, banda ameshalitia joto kwa majiko ya mkaa, akakuta tarehe yake imesogezwa mbele na vifaranga wamepewa mwingine. Bosi akafungua kumbukumbu ya mabadiliko, ile inayoandika tarehe ya zamani, tarehe mpya na aliyebadilisha, akakuta jina langu, Laurensia! Na alasiri ya mabadiliko hayo nilikuwa kule Soga namkabidhi mteja mzigo. Aliyekosea ni Hamisa, mwenzangu wa ofisini, mteja mwingine alimpigia simu kusogeza tarehe yake, yeye akagusa mstari wa Mzee, na ameniambia mwenyewe huku analia, "Shoga, nisitiri mpaka harusi ipite," na mimi ndiye mwenyekiti wa kicheni pati yake. Ijumaa bosi anachagua msimamizi wa tawi jipya la Kisarawe, nafasi aliyoniahidi mimi. Didas, fundi wetu wa mfumo, anasema ataufuta ule mstari wa kumbukumbu wenye jina langu, amwambie bosi mfumo ulijichanganya. Nikubali?

Laurensia, Kibaha

Marahaba, mwanangu. Usikubali! Na Didas mwambie akome. Hivi mstari wenyewe umeusoma, au uliona jina lako ukaishia hapo? Kumbukumbu za namna hiyo huandika na saa. Saa hiyo ulikuwa Soga, na uliyemkabidhi mzigo yupo. Unataka kumfuta shahidi wako mwenyewe!

Pole, ila na wewe una lako. Nywila si kikombe cha ofisi kila mtu akinywee. Mmeoneana haya kufunga ukurasa, mzee wa watu karudi Kisarawe na maboksi matupu.

Hamisa nimempenda, kwa kuwa hakungoja umuulize. Mkalishe leo, mwambie kesho asubuhi mnaingia wote kwa bosi, na aseme kwa mdomo wake. Kugusa mstari usio wake kunasameheka, kuficha ndiko kutakakomponza. Akikataa, ingia peke yako, useme yaliyotokea bila kutia chumvi. Mpigieni Mzee Mwinyijuma mumwombe radhi, na vifaranga wa kwanza kutotolewa wawe wake. Halafu muombe kila mtu aingie kwa nywila yake, na mfumo ujifunge wenyewe ukiachwa.

Kisarawe usiiogopee. Bosi anatafuta mtu wa kumwachia tawi lililo mbali na macho yake. Mtu huyo ni yule anayemwambia makosa ya ofisi kabla hajayagundua mwenyewe. Nenda kamwambie.

Bi Sada