Miguu Iliyopinda Bukavu

Etterbeek, Bruxelles

Mdogo wangu Bahati,

Kabla ya salamu, pokea hili nililokuficha: ile miguu bandia ya plastiki haikupinda kwa sababu ya mikono yako.

Sasa nikuulize hali. Baridi ya ziwa imekiachia kifua chako? Na shemeji Nabintu, magoti yake? Mimi nimebaki ngozi na kikohozi. Daktari hazungumzi tena habari za kupona, anauliza tu kama ninapata usingizi.

Maman Espérance, mama wa Goma anayekuja kuniogesha, amenikuta na kalamu akacheka. "Papa Ingénieur, unaandikia bibi gani tena? Kula kwanza, supu inapoa." Nikamwambia ninamwandikia mtu niliyemharibia jina. Akairudisha supu jikoni.

Ni shemeji aliyenisukuma. Alinitumia ujumbe wa sauti kwamba masista wa karakana ya viungo bandia wanakuomba urudi uwafundishe vijana, nawe umekataa. "Anasema mikono yake ndiyo iliangusha Maman Sifa," alisema, "na hatagusa tena mguu ya muntu." Maman Sifa, muuza samaki, aliyevunjika nyonga mguu huo ulipojikunja chini yake kwenye mteremko na hajarudi sokoni tangu siku ile.

Unajua kazi niliyofanya huku. Wenzangu walichanganya plastiki na udongo uliosagwa mpaka vipande vyake havionekani kwa jicho. Mimi nilikuwa mtu wa hesabu. Nilitakiwa kusema, kabla mtu hajamimina kitu, mchanganyiko utakuwa mkakamavu kiasi gani, yaani utakataa kupinda mpaka usukumwe kwa nguvu ipi. Kila kipande cha udongo ni kipana na chembamba kama karata. Karata zikitawanyika moja moja ndani ya plastiki, kila moja inabeba mzigo. Zikishikana, inabaki pakiti nene tu, na plastiki inalegea karibu kama vile hukutia kitu. Hesabu yangu ilizitawanya zote. Kwenye karatasi ni rahisi: unaandika kwamba zimetawanyika, nazo zinatii.

Nilitaka watu wa Bukavu watembee juu ya hesabu yangu, nikakutumia udongo na vipimo vya kumimina miguu. Huku vijana niliowafundisha walipanda wakawa wakubwa zangu, na siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani. Siku moja nilimwona mmoja wao pale uwanja wa Flagey, akaniomba nimpishe njia kama mgeni. Nikasema moyoni, angalau nyumbani nitajulikana.

Kisha ukanipigia simu mimi kaka yako mkubwa. "Yaya, tulifanya vile vile ulituambia. Bon, mbona mguu inajikunja?" Nilijua mafundi wako wote wanasikia, na hapo hapo nikakujibu, "Alors, mlikoroga kama bugali ya matanga! Hesabu yangu haina mabonge. Mabonge ni yenu!" Nilisikia wanacheka. Wewe hukucheka. Ulisema, "Pardon, yaya." Uliniomba radhi mimi, Bahati, kisha ukaacha kazi uliyoipenda kuliko chakula.

Nisalimie shemeji, aliyethubutu kunisema. Nisalimie dada yetu mkubwa Furaha, anayetunza kaburi la mama, na mwanao Patient, mwalimu; yeye awasomee wote barua hii kwa sauti, na mafundi wa zamani wawepo. Maman Sifa usimpe salamu zangu. Mwambie ukweli. Na masista uwajibu upya, nakuomba, wakati bado una nguvu.

Nimezunguka mpaka hapa kwa sababu neno lenyewe linanikwama. Ungeweza kudhani kwamba nilikosea hesabu, na kukosea kunasameheka. Lakini mashine ya huku, kubwa kama chumba, nayo ilishindwa kuutenganisha udongo ule ule. Kipande cha plastiki iliyotoka humo kilijaribiwa mbele ya macho yangu, kikapinda kama ulimi. Nilikuwa nimekwisha kukiona nilipokupigia simu nikakuambia uanze kumimina.

Yaya wako,
Déogratias