Ngamia Aliyebaki Sericho

Dada Mwende,

Habari za Machakos? Mimi niko salama huku Sericho, mbali mashariki ya mji wa Isiolo, nikipima watoto kwa utafiti wangu wa lishe. Jua ni kali, na chai ya maziwa ya ngamia ina ladha ya moshi.

Mwezi uliopita nilimpima mkono mtoto anayeitwa Kabale. Utepe wa kupimia ulionyesha rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Nikamwomba mamake, Talaso, amlete zahanati kila wiki apewe chakula cha dawa.

"Kesho tunahama," akasema. "Maji ya mifugo hapa imeisha."

"Mama, mkienda naye anaweza kufa."

"Na ngamia wakikaa, watakufa wote. Tutakula nini?"



Asubuhi iliyofuata mumewe, Halake, aliondoka na mifugo. Talaso nilimkuta kwa dada yake, amembeba Kabale. Nje alikuwa amefungwa ngamia mmoja.

"Halake amesema huyu abaki na mtoto," akaniambia. "Ndiye ako na maziwa mingi kushinda wote."

"Atakunywa maji gani?"

"Hii yetu ya kunywa. Tutagawana."

Jana utepe ulifika manjano, yaani hatari imepungua. Kabale aliushika, akautia mdomoni, na nilipouchukua akalia kwa nguvu mpaka majirani wakatoka kuangalia. Siku ile ya kwanza hakuwa na nguvu hata ya kunung'unika. Talaso alimwacha alie kidogo, amsikilize.

Mungu awatunze nyote. Kuleni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pamoja na sehemu yangu.

Ndugu yako,
Mutua