Nilifunga Mtandao Wetu, Nikabaki Nje

Jumamosi, Buyenzi, Bujumbura. Joto limebana tangu asubuhi. Mawingu yamekaa upande wa ziwa, hayataki kunyesha wala kuondoka, na mimi niko hivyo hivyo. Nataka kulia na machozi hayaji.

Nimekaa barazani na kompyuta mapajani. Naandika bila mtandao, nitabandika siku utakaporudi. Mume wangu Hamisi amerudi kutoka gereji yake, akaniangalia usoni, akaenda kuoga bila hata kuuliza chai.

Ngoja nieleze tangu mwanzo. Labda nikieleza nitaelewa mwenyewe.

Nyumba yetu ina kuta nene za zamani, simu haishiki vizuri ndani wala uani. Mimi nafundisha Kifaransa shule ya msingi na masomo yangu mengi nayaandaa nyumbani, kwa hiyo tukaamua kuweka mtandao wetu. Kampuni ikaleta ruta, kile kisanduku cheupe chenye antena mbili, ikaitundika sebuleni karibu na dirisha. Fundi wao akaweka neno la siri jepesi, moja mbili tatu mpaka nane, akasema nitalibadilisha mwenyewe nikipata nafasi. Nafasi sikuipata. Mtaa mzima ukalijua neno lile, na mimi nikanyamaza, kwa sababu mtandao si sukari, nilidhani haupungui.

Katika wote waliokuwa wanautumia, mmoja tu ndiye niliyemkaribisha kwa mdomo wangu.

Mama Neema anapanga chumba chetu cha nyuma. Alivuka mpaka kutoka Uvira na binti yake mdogo wakati vita vilipokaribia mtaani kwao. Mume wake alibaki. Ana mama yake mzee asiyeweza kutembea, na hakukuwa na wa kumwachia. Sasa Baba Neema anapiga simu ya video siku anayoweza, akipata mahali pa kuchajia na akipanda mlimani kidogo ambako simu inashika. Saa haijulikani. Kwa hiyo Mama Neema anakaa kwenye kigoda chini ya dirisha letu la buluu, simu mkononi, anachambua mboga za lenga-lenga, anasuka nywele za watu, anangoja.

Juzi nilifungua simu nikakuta jina la mtandao wetu limebadilika. Badala ya jina la kampuni, limeandikwa: Asante Mama wa Dirisha la Buluu.

Hamisi alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Maana yake mtu ameingia mpaka ndani ya ruta, kule kwenye mipangilio, akatembea anavyotaka. Na anajua dirisha langu lina rangi gani. Anayeweza kubadilisha jina anaweza kubadilisha na mengine, anaweza kutufungia sisi wenyewe nje, anaweza kutupeleka kwenye kurasa za uongo tukamwachia siri zetu. Hamisi akaniambia, "Zaituni, funga hiyo kitu. Jumamosi usifanye kazi nyingine."

Nikafunga hiyo kitu.

Asubuhi ya leo nilimwambia Mama Neema kabla sijagusa chochote. Nilitaka ajue kwamba simfukuzi. Alikuwa anaosha masufuria.

"Nabadilisha neno la siri leo. Nikimaliza tu, wa kwanza kupewa ni wewe."

"Aksanti dada. Lakini isikawiye sana," akasema. "Jana Baba Neema aliandika, koko anauliza Neema kila saa. Leo atajaribu kumuonyesha."

Koko ni bibi. Ndivyo wanavyomwita yule mama mzee.

Nilimwahidi haitachukua muda. Na kweli, mwanzoni ilikwenda vizuri mpaka nikajisifu. Nilikuwa nimetazama video ya jamaa mmoja anaeleza polepole kwa Kifaransa. Nikaingia kwenye mipangilio kwa neno la kiwandani, lile lile ambalo yule aliyebadilisha jina alilitumia. Nikaona orodha ya simu zilizounganishwa, nyingi kuliko watu ninaosalimiana nao barabarani. Nikarudisha jina la kawaida. Nikazima kile kitufe cha kuunganisha bila neno la siri. Katikati ya hayo mwenzangu wa shuleni, Claire, akaniuliza jambo kwenye WhatsApp, nikamjibu haraka kwa kompyuta bila kuangalia kioo, nikarudi kwenye kazi yangu.

Neno jipya nililitunga vizuri. Refu, la herufi na tarakimu, lenye jina la utani la marehemu mama yangu ambalo hakuna kijana wa barabarani anayelijua. Nikaliweka kwenye ruta na kwenye mtandao, yote mawili. Zikatokea zile nukta nyeusi. Nikarudia kuthibitisha, nukta nyingine. Nikahifadhi.

Ruta ikazima taa ili ianze upya. Kabla haijamaliza kuwaka, umeme ukakatika.

Betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani, bila waya haiwaki. Nikamwambia Mama Neema tungoje umeme. Akakubali, akakaa kwenye kigoda chake kama kawaida. Neema akachorachora mchangani kwa kijiti.

Umeme ulirudi kwenye adhuhuri. Nikachukua simu, nikaandika neno langu jipya.

Neno la siri si sahihi.

Nikaandika tena polepole, herufi moja moja, nikitamka. Si sahihi. Nikawasha kompyuta, nikajaribu huko. Si sahihi. Nikajaribu herufi kubwa, ndogo, nikajaribu hata moja mpaka nane. Jina la mtandao wangu liko pale, nimelirudisha mwenyewe, antena ziko juu ya kichwa changu, na mimi niko nje.

Sijui kama mtu mwingine anaielewa hali hii. Mlango umeufunga wewe, ufunguo umeushika wewe, na hauingii.

Nikampigia Hamisi. Akasema, "Usishike kitu. Ningoje nirudi, tutaangalia pamoja." Lakini yeye hakuwa na Mama Neema mbele yake. Mama Neema alikuwa ananyosha tu simu yake juu, akiishusha, akiinyosha, kama mtu anayekinga maji ya mvua isiyokuja.

Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo. Yule jamaa wa video alisema ukisahau kila kitu, bonyeza humo kwa kitu chenye ncha, ruta inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Nikaenda kuchukua sindano ya kushonea.

Ilirudi kweli kama ilivyotoka kiwandani. Niliingia mara moja, nikapiga kelele ya furaha, nikamwita Mama Neema, akaunganisha. Halafu tukaona hakuna kinachofunguka. Taa ya mtandao kwenye kisanduku ilikuwa nyekundu. Ikabaki nyekundu.

Nilipoipata kampuni kwenye simu, nimesimama barabarani sikio moja nimeliziba, dada aliyepokea alinisikiliza kwa adabu sana.

"Madame, mipangilio yetu ndiyo imefutika. Inabidi fundi aje kuiweka."

"Aje leo."

"Leo mafundi wamekwisha kufunga. Lundi, Mungu akipenda."

Jumatatu ilikuwa mbali mno. Nikamweleza habari ya Mama Neema. Nilimweleza yote, mume, mlima, bibi asiyetembea.

"Ningekuwa na uwezo ningekusaidia, Madame," akasema. Nilimwamini. Hicho ndicho kilichonimaliza, hapakuwa na hata mtu wa kumkasirikia.

Basi nikamwambia Mama Neema tutoke, nitamgawia mtandao wa simu yangu, tutafute mahali inaposhika. Akamfunga Neema mgongoni ingawa mtoto ni mkubwa wa kutembea. Tukashika njia mpaka karibu na daraja la Ntahangwa. Hewa ilikuwa imetulia, na milima ya Uvira ilionekana ng'ambo ya ziwa, iko karibu kiasi cha kuudhi. Mpaka wa Gatumba wenyewe siku hizi hauna uhakika, leo unafunguliwa, kesho hujui. Mama Neema hakuitazama milima. Alikuwa anatazama simu.

Hapo darajani zikaingia zote kwa pamoja. Simu ambazo hakuzipokea, moja chini ya nyingine. Na ujumbe mmoja wa sauti.

Tuliusikiliza tumeinama, vichwa vimegusana, kwa sababu ya kelele za pikipiki.

"Mama Neema, uko wapi? Koko ameamuka na nguvu leo, amekula hata bui. Anasema anataka kuona sura ya Neema. Nimemubeba kwa mugongo mpaka huku juu, nimemukalisha kwa jiwe. Najaribu, najaribu, haiingie. Tutangoya kidogo. Batiri inataka kuisha. Ngoya, anataka kusema..."

Halafu ikaja sauti nyingine, nyembamba, karibu sana na simu, kama mtu asiyejua sauti huingilia wapi.

"Neema. We Neema."

Ikakatika.

Neema aliinua kichwa mgongoni mwa mama yake, akasema, "Koko!" akaangalia nyuma yetu, barabarani.

Tulipiga. Hapatikani. Tulipiga tena na tena, mpaka mwanamke aliyekuwa anauza ndizi karibu nasi akasogeza kikapu chake tupate kukaa kwenye ukingo wa daraja. Hapatikani. Betri imekwisha, au amekwisha kushuka mlima na mama yake mgongoni. Nilikuwa namwona akishuka, na simfahamu hata sura, nimeona tu kipande cha uso wake siku moja nikipita na ndoo.

Mwisho Mama Neema akamshusha mtoto, akamwekea simu mdomoni. "Semesha koko."

Neema akaona haya kwanza. Halafu akasema, "Koko, mi niko hapa. Mi niko kwa Bujumbura. Koko, umekula?" Akaishika simu mwenyewe. "Njoo na papa."

Tukautuma. Kando yake ikatokea alama moja ya kijivu. Umetoka kwetu, haujafika kwake.

Wakati nangoja alama ya pili ndipo nilipoangalia jumbe zangu. Claire ameniandikia: Zaituni, hii ni lugha gani? Juu yake liko jibu langu la asubuhi, nililomwandikia kwa kompyuta. Sqlq;q Clqire nitqkujq.

Nililitazama muda mrefu kabla halijaniingia. Kibodi yangu ni ya Kifaransa, ila kwa bahati mbaya vidole vyangu vilibonyeza mahali, kompyuta ikageuka kuandika kwa mpangilio wa Kiingereza. A ikawa Q, M ikawa nukta-mkato. Jina la mama yangu niliandika hivyo hivyo, likafichwa na zile nukta nyeusi, mara mbili, na ruta ikalipokea. Umeme uliporudi kompyuta ikaanza upya kwa Kifaransa, nikawa naandika neno sahihi kwenye mlango uliofungwa kwa neno lililokosewa.

Ningejua, ningegeuza kibodi tu. Sindano isingetoka kwenye uzi.

Nilimweleza Mama Neema tukiwa njiani kurudi. Sijui kwa nini, labda nilitaka anigombeze. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Apana, dada," akasema. "Si we. Hii mambo yote si we."

Halafu akaniomba nimshikie mtoto akafunge kitambaa vizuri. Ni hilo tu. Tulipofika akaanika nguo, akawasha mkaa, akapika. Hakurudi kwenye kigoda.

Hamisi nimemweleza sasa hivi alipotoka kuoga. Alianza kusema, "Kumbe umefunga vizuri sana..." akaona uso wangu, akalimeza lililobaki. Baadaye akasema kesho mapema twende sote Kamenge kwa dada yake. Wifi yangu ana wifi, kwa siku nyingine ningecheka. Mama Neema na mtoto wakae huko mpaka fundi atakapokuja. Ni wazo zuri, nimekubali, nimeshaandaa mfuko.

Lakini Kamenge inatusaidia sisi wa huku. Haimpi Baba Neema umeme. Haimpi bibi asubuhi nyingine kama ya leo. Nguvu ile aliyoamka nayo, akala uji, akakubali kubebwa, nani ataniahidi kwamba ipo kesho? Nimefanya kila nilichoshauriwa na mtandao uko salama kabisa, haumfikii mtu yeyote.

Simu yangu nimeiacha juu ya ukuta wa uani. Nimegundua pale juu inashika kidogo, inatosha kugawia simu ya Mama Neema iliyo kando yake. Nainuka kila mara kuangalia.

Neema amekuja sasa hivi, mikono ina unga. Amesimama mbele yangu mpaka nikaacha kuandika.

"Mama Zaitu, koko amesikia?"

Nikainuka, nikazitazama simu zote mbili. Alama bado ni moja.

"Bado," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa, akakaa chini karibu na miguu yangu, kungoja.