Mwimbaji wa "Taa za Dehiwala"

Dehiwala, 3 Juni 2012

Shemeji Aubrey,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeamua kuzeeka kabla ya wenzake. Mvua imeanza, na bati la jikoni linavuja palepale ulipoliziba mwaka 1970, kwa hiyo usijisifu. Huko Dandenong mnaendeleaje? Kifua kimepona? Unakula, au ni chai na biskuti tu tangu Carmel atutoke?

Sasa nina neno. Kila Jumapili baada ya misa nakwenda kwa Upali Wijeratne, mstaafu wa benki, tunakokutana wapenzi wa muziki wa miaka ya sitini. Watu kumi na mmoja, santuri elfu tatu, na ubishi usio na mwisho kuhusu namba zilizokwaruzwa karibu na lebo. Mwaka huu wanatoa santuri mpya ya nyimbo kumi na sita za Ceylon ya wakati wetu, kabla haijaitwa Sri Lanka, pamoja na kijitabu cha majina ya wanamuziki. Wimbo wetu umo: "Taa za Dehiwala", bendi ya Vimondo, 1966.

Nikasema mwimbaji ni mimi. Wijeratne akacheka hadi miwani ikamdondoka. "Koelmeyer, huyo ni msichana! Wewe ukikohoa tu mbwa wa jirani wanajificha." Kisha akanionyesha gazeti la chama chenu cha Melbourne, tangazo la kifo cha dada yangu: "Carmel Kelaart, aliyeimba Taa za Dehiwala."

Vimondo tulikuwa wanne. Mpiga gitaa na mpiga ngoma wametangulia. Umebaki wewe na kodiani yako. Nani aliandika tangazo lile?

Shemeji yako,
Ransford

Dandenong, 19 Juni 2012

Mpendwa shemeji Ransford,

Barua imefika, nami nimefurahi kuona mwandiko wako bado unaegemea kulia kama mlevi ukutani. Kifua kimepona. Baridi imeingia, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Ninakula. Juzi mama mmoja wa Bambalapitiya, ambaye sasa ni jirani yangu, aliniletea lamprais, wali na nyama vikiwa bado ndani ya jani la mgomba. Nilikula mbili nikaiba ya tatu. Kodiani ninayo, na Jumamosi huwa naipiga kidogo.

Kuhusu ule wimbo, ni zamani mno. Tangazo liliandikwa siku za msiba, na siku hizo mtu hajui mkono wake unaandika nini. Carmel amelala. Wimbo ni wa Vimondo, na sote tulikuwa Vimondo. Haitoshi?

Nakutumia kitambaa cha sufu cha kufungia goti.

Shemeji yako,
Aubrey

Dehiwala, 6 Julai 2012

Aubrey,

Salamu. Sijambo, natumaini nawe hujambo. Goti linashukuru kwa kitambaa. Mwenye goti bado.

Umejibu kila kitu isipokuwa nilichouliza.

Miaka thelathini na minne niliwakatia abiria tiketi za reli. Sikuoa, sikujenga, sikwenda ng'ambo. Nilifanya kitu kimoja tu ambacho watu wasionijua wanakihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Sahani za wimbo wetu zinazojulikana kubaki ni nne. Mwezi uliopita mtu alipanda basi kutoka Kandy ili aisikie ya Wijeratne, nami nikakaa kiti cha pembeni nikimsikiliza akimsifia yule msichana.

Wijeratne si mtu mbaya. Anasema, "Lete ushahidi, Koelmeyer, si kinyongo." Kijitabu kinakwenda kwa mpiga chapa tarehe 31 Agosti. Baada ya hapo ndivyo itakavyokuwa hata tukishakufa sote.

Dada yangu nampenda. Lakini aliyeimba ni mimi.

Ransford

Dandenong, 12 Agosti 2012

Shemeji yangu Ransford,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi mwili hauna neno. Nimechelewa kwa sababu nilikuandikia barua nne nikazichana zote.

Uliimba wewe. Naanza na hilo ili hata nikianguka katikati ya ukurasa liwe limeshaandikwa.

Tangazo niliandika mimi, kwa akili zangu timamu. Lakini uongo wenyewe ulianza 1971. Ilikuwa baridi yetu ya kwanza huku. Carmel alikuwa kwenye kiwanda cha matunda ya kopo, vidole vimepasuka, msimamizi akimwita "wewe". Jumamosi moja, kwenye ukumbi wa watu wetu, mtu akaweka ile sahani. Mama mmoja akauliza, "Jamani, msichana gani huyu?" Carmel akasema, "Mimi." Nilimtazama. Tangu tushuke melini sikuwa nimemwona amesimama wima namna ile. Nikanyamaza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikwenda miaka arobaini. Kila karamu wakimwomba aimbe, anadai koo linamuuma. Alikuwa akiniambia, "Ranny hatajua, na akijua atacheka." Hukucheka, na una haki.

Sasa ushahidi. Siku ile umeme ulikatika, tukaazima jenereta ya kanisa. Mkono wake wa kuongezea mafuta ulikuwa umevunjika springi, ikabidi mtu aushikilie nje uani ili injini isizimike. Aliyeushikilia ni Carmel, mara zote tano tulizorekodi. Sahani ilitokana na ile ya tano. Kwa kuchoka aliulegeza, injini ikapungua kasi, na mashine ya kurekodia nayo ikazunguka polepole bila sisi kujua. Kilichorekodiwa polepole kikipigwa kwa mwendo wa kawaida hukimbia, na sauti hupanda. Ndivyo kijana wa miaka kumi na tisa alivyogeuka msichana.

Wijeratne atasema hayo ni maneno tu. Basi afanye hivi. Kodiani yangu ina kilema tangu niinunue: ndani yake, ulimi wa chuma wa sauti ya Fa unavuma kama nyuki ndani ya kopo. Ndimi nyingine zote ni safi. Kwenye sahani nyuki huyo anasikika, ila si kwenye Fa. Yuko vitufe vitatu juu yake, ukihesabu vyeupe na vyeusi. Kodiani haiwezi kufanya hivyo. Chuma hakipandi sauti kwa sababu mpigaji ana furaha. Nimeifungua nikautoa ulimi wenyewe. Umo ndani ya bahasha, kwenye pamba. Upulizeni, kisha mpunguze mwendo wa gramafoni hadi nyuki wawili walingane. Hapo utajikuta.

Nimemwandikia Wijeratne pia, nikatia sahihi. Na Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya chama chetu nikawaeleza yote. Baadhi yao waliondoka bila kuniaga.

Shemeji yako, kama bado nafaa kuitwa hivyo,
Aubrey

Dehiwala, 27 Agosti 2012

Shemeji Aubrey,

Ushemeji haufutiki, hata shemeji akiwa mkorofi. Sijambo sana. Usiku sikulala, na kilichoninyima usingizi ni furaha, ugonjwa ambao sikuwa nao siku nyingi.

Jana nilivaa tai. Wijeratne aliisoma barua yako mara mbili, akaushika ule ulimi kwa kibano kama stempu ya thamani. "Ndiye shahidi huyu?"

"Ndiye. Umpulize, usimbusu."

Akapuliza. Bzzz. Mkewe akagonga piano: Fa kabisa. Akaweka sahani kwenye ile gramafoni yake ya zamani yenye kitufe cha mwendo, akaanza kukizungusha kidogo kidogo. Msichana akapata mafua. Akaendelea, msichana akaanza kuota ndevu. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana nyuki wawili walikuwa wamekutana na aliyebaki anaimba alikuwa kijana wa kiume, hana haraka, ana uhakika na kila neno. Aubrey, nilikuwa nimemsahau. Alikuwa mzuri. Nasema bila haya: alikuwa mzuri.

Wijeratne alivua miwani. "Koelmeyer, muda wote huo unanisikia nikisema msichana, msichana, na hukunipiga?"

"Ni goti, bwana. Lingekuwa zima ungekoma."

Akafuta "Mwimbaji: Carmel Kelaart", akanipa kalamu niandike jina mwenyewe. Mmoja akasema watu wameuzoea ule mwendo wa mbio, tuuache. Nikakataa. Miaka arobaini na sita nimeimbiwa na mtu mwingine. Sasa naimba mwenyewe. Wakapiga kura, kumi kwa mmoja, na huyo mmoja ameniomba radhi.

Ulimi wako nakurudishia. Wijeratne alitamani kubaki nao, nikamwambia kodiani ya shemeji yangu haiwezi kukaa kibogoyo.

Limebaki moja. Mwishoni kabisa, nyuma ya mlio wako wa kumalizia, kuna kasauti ambako hawa wamekabishania miaka. Wengine wanasema bawaba ya mlango. Wijeratne alikuwa ameandika "kasuku". Tulipoupiga kwa mwendo wake wa kweli nilimtambua kabla sijashika maneno: "Ranny, maliza wewe, mkono unakatika!" Niliomba warudie. Wakarudia mara sita, na mara ya sita hata yule mtu wa Kandy, aliyekuwa amekuja tena, alilisikia jina langu.

Kwa hiyo kijitabu kina mstari mmoja zaidi chini ya jina lako, kwa jina lake la usichana: "Jenereta: Carmel Koelmeyer." Niliushikilia mstari huo kama yeye alivyoishikilia injini, ila mimi sikuulegeza. Waambie hao walioondoka bila kukuaga kwamba yumo ndani ya sahani, tena kwa sauti yake mwenyewe. Tangazo lako lilikosea neno moja tu: hakuimba, alifoka.

Shemeji yako,
Ransford