Patupu

Jumatatu, 3 Novemba

Mkuu wa idara amenipa ramani mpya ya matumizi ya ardhi niihakiki. Njano ni makazi, kijani ni mashamba. Mtaa wa ufukweni umeachwa mweupe. Nyeupe maana yake patupu. Patupu! Shangazi, aliyenilea, anakaa pale, yeye na mtaa mzima. Kisha nikakumbuka: usiku wa sensa ulitangazwa upepo mkali, wote wakaamriwa kuhamia shule ya mlimani. Wakahesabiwa hukohuko, na ramani imefuata hesabu hiyo.

Jumatano, 5 Novemba

Nimejikaza, nimemwambia mkuu. Akacheka. Watu huhesabiwa walipolala, kijana, si wanapopapenda. Na mafuriko yakija, nikauliza, malori ya kuwatoa watu je? Yatafuata ramani, akasema. Tusubiri sensa ijayo. Nikajibu ndiyo, mkuu.

Ijumaa, 7 Novemba

Redio imetangaza kimbunga. Nimekwenda kumwomba Shangazi ahamie kwangu. Alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikamweleza habari ya ramani, ili aelewe kwamba hakuna lori litakalomfuata. Akazitoa pini.

"Patupu? Mwambie huyo mkuu wako, suruali aliyovaa imeshonwa na patupu."

Tukacheka wote. Halafu akakata uzi.

"Kumbe tulipowatii ndipo walipotufuta. Safari hii sitoki, mwanangu. Waje wanihesabu hapahapa."

Nilimwambia ili aondoke. Mdomo wangu huu.

Jumapili, 9 Novemba

Tumeitwa kazini alfajiri. Barabara ya chini imeshafunikwa na maji. Nimewekwa kwenye simu ya madereva – wote wametumwa kwenye njano.

Asubuhi Shangazi alipiga. Maji yamefika kizingitini, majirani wamejazana kwake, cherehani ameipandisha mezani. Sauti ileile ya kuniuliza kama nimekula. "Mwambie mkuu wako tupo."

Nikampigia dereva wa lori la mwisho, nikamwambia ageuze, aende ufukweni. Kwenye karatasi yangu huko hakuna mtu, akasema. Kuna watu, nikasema, nenda. Sikumwuliza mkuu.

Dereva hajapiga. Simu ya Shangazi iliita, ikaita. Sasa haiiti.

Mkuu amekuja mezani kwangu, akainama juu ya ramani muda mrefu. Nilidhani ananifukuza kazi. Ameniuliza, kwa sauti ndogo, kalamu ya njano iko wapi.